Nimelipia usaili, sijaitwa hadi leo. Niendelee kuutafuta uigizaji?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Tandika, Dar es Salaam, na kazi yangu ni ushonaji. Nimezaliwa Kasulu, mkoani Kigoma. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuja mjini kukaa na mama mdogo, na yeye ndiye aliyenikalisha kwenye cherehani mpaka nikaweza. Namshukuru Mungu kazi inanilisha, hasa misimu ya Idi na harusi, ila moyo wangu haupo hapo peke yake.

Nikiwa kidato cha tatu mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia tamthiliya haisomwi kwa macho tu, akatugawia nafasi tuigize Ngoswe ya Edwin Semzaba. Mimi nikawa Mazoea. Tuliigiza mbele ya shule nzima, na mpaka leo nikirudi likizo kuna watu Kasulu wananiita Mazoea. Toka siku ile nilijua ninachokitaka, ila sikujua pa kuanzia.

Mwaka jana niliona tangazo kwenye status za WhatsApp: sura mpya zinahitajika, uzoefu si lazima. Nikaenda. Fomu ilikuwa shilingi 20,000. Tulikuwa wengi, ukumbi ulijaa hadi nje. Zamu yangu ilipofika waliniambia nilie mbele ya kamera. Koo likakauka, sauti haikutoka, na nilipojaribu kusema mtu mmoja kwenye meza ya majaji akacheka: "Huyu wa mwisho wa reli." Pamoja na hayo wakaniambia nimepita, nilipe 80,000 ya mafunzo na kitambulisho. Nikalipa. Mafunzo yalikuwa siku chache, tukipigwa picha na kuambiwa tujiamini. Halafu mmoja wa viongozi akanipigia simu usiku, akasema nafasi kubwa ipo ila nijiongeze, tukutane gesti tupitie skripti. Sikwenda. Kesho yake nikaondolewa kwenye kundi la WhatsApp, na hela yangu ikaishia hapo.

Sasa kuna kikundi cha hapa mtaani kinachoigiza kwenye kampeni za afya, huwa wananipa kazi ya kuwashonea maleba, yaani nguo za kuigizia. Nikiwaambia nataka na mimi kuigiza wanacheka, wanasema "wewe ndiye fundi wetu." Mama yangu kule Kasulu amesikia habari za usaili, kasema uigizaji ni uhuni na nitamwaibisha. Mama mdogo hasemi kitu, ila ameacha kunisalimia vizuri.

Naomba unieleze, Shangazi. Je, lazima nisome chuo? Matokeo yangu ni daraja la nne. Umri haujanitupa mkono? Hii lafudhi yangu na huu woga nifanyeje? Na nikiingia, nitakula nini?

Fundi, Tandika

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Nianze na hiyo laki moja yako, maana wapo wengi wanaosoma hapa ambao wameshalipa na wengine wako njiani kulipa. Usaili haulipiwi. Mtu mwenye mchezo au tamthilia ya kweli ana tarehe ya kuanza kazi, ana nafasi tupu kwenye skripti, na kila siku inayopita bila mwigizaji inamtia hasara. Huyo anakutafuta wewe. Waliokuuzia fomu kazi yao ilikuwa kuuza fomu, ndiyo maana walitaka ukumbi ujae, na ndiyo maana ulipita hata baada ya sauti kugoma kutoka. Hapo kila mwenye elfu themanini alikuwa anapita.

Usaili wa kweli unakwenda hivi. Unapewa ukurasa mmoja au miwili ya sini kabla ya siku, mara nyingi kwa simu, ukasome na kukariri. Unaambiwa mhusika ni nani na hadithi inahusu nini. Ukifika unaigiza na mtu anayekusomea mistari ya upande wa pili. Kisha mwongozaji anakwambia rudia, safari hii huyu mama hana hasira, ana aibu. Hapo ndipo anapokupima. Anaangalia kama unasikia unachoambiwa, kama unaweza kubadilika, kama ukisubiri mwenzio aseme unamsikiliza kweli au unangoja zamu yako. Kumwambia mtu alie papo hapo, bila hadithi, bila kujua analilia nini, ni kumwonea tu. Mimi nimekaa jukwaani na nyuma ya jukwaa miaka mingi, na nimefanya kazi na waigizaji wazuri sana ambao ukiwaambia "lia" watakutazama tu. Wape sababu, utaona machozi. Kwa hiyo ile siku isikuhukumu. Ulishindwa jambo ambalo halikuwa mtihani.

Ada ya mafunzo ni kitu kingine. Kuna mahali panapofundisha kwa haki na panatoza, lakini pana mtaala, pana mwalimu anayejulikana, na wanakupa risiti. Na mtu akikwambia anatengeneza filamu, muulize kibali cha Bodi ya Filamu kiko wapi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, na mwenye kazi halali hataona vibaya kuulizwa.

Sasa huyo wa gesti. Hukukosa chochote kwa kutokwenda, nataka ulisikie hilo kutoka kwa mtu mzima. Alichokifanya kina jina katika sheria zetu: ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamgusa mtu yeyote mwenye mamlaka anayeifanya ngono kuwa sharti la kumpa mtu ajira au haki fulani. Kama ujumbe wake bado umo kwenye simu, usiufute. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Ukiona vigumu kwenda peke yako, watafute wenzako wawili watatu mliolipa pamoja, maana sina shaka si wewe pekee uliyepigiwa simu usiku. Skripti inapitiwa mchana, mezani, kundi zima likiwepo. Kikao cha kwanza cha mchezo wowote ni watu kukaa duara na kusoma kwa sauti, kila mtu mistari yake, na mwongozaji anasikiliza. Hakuna hatua ya kazi hii inayohitaji chumba cha kulala.

Tuje kwenye lililokuleta. Ushauri wangu ni kwamba uanzie jukwaani, na uanzie kwenye hicho hicho kikundi cha mtaani ambacho kinakuita fundi. Kamera iache kwanza.

Najua vijana wengi wanataka runinga, kwa sababu ndiko wanakoonekana. Lakini fikiria kazi inavyokwenda. Kwenye lokesheni sini hazirekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Asubuhi unaweza kuanza na msiba wa mume wako, mchana ukarekodi siku mlipokutana, kwa sababu tu nyumba imekodiwa kwa siku moja. Watu wa taa wana haraka, jua linazama, prodyuza anahesabu gharama. Hakuna atakayekaa na wewe kukufundisha kupumua. Asiyejua anaambiwa afanye kama yule wa kwenye ile tamthilia nyingine, na akishaiga mara mbili tatu anabaki mwigaji. Jukwaani unabeba mtu kutoka mwanzo wa mchezo hadi mwisho, usiku mmoja, na wasikilizaji hawakopeshi: ukiwachosha wanaanza kuongea na simu zao, na unasikia. Wiki za mazoezi ndizo darasa lenyewe. Kizazi kizima cha waigizaji wetu wa filamu kilipitia vikundi vya namna hiyo. Steven Kanumba kabla ya kuwa Kanumba alikuwa mwanakikundi wa Kaole, na hakuwa peke yake. Walikuwa wakikutana, wakifanya mazoezi, wakipangiwa nafasi ndogo na kubwa, kabla jina halijamfikia mtu mmoja.

Wewe una mlango ambao wengine hawana, na nadhani hujauona ukubwa wake. Wewe ni fundi. Mwenye kushona maleba anakaa ndani ya mazoezi kuliko mtu yeyote isipokuwa mwongozaji. Tumia nafasi hiyo. Usipokee vipimo kwa simu na kupeleka nguo zikiwa tayari. Nenda ukae. Mwambie mwongozaji kwamba ili ushone vizuri lazima uone mhusika anavyotembea, na hilo ni kweli kabisa. Nguo ya jukwaani si nguo ya sherehe. Mwigizaji anayetoka kuwa bibi na kurudi kuwa bwana harusi ana muda mfupi gizani nyuma ya pazia, hana muda wa vifungo. Unamwekea velkro, au zipu ndefu mgongoni, au vifungo vya mbele vilivyoshonewa juu kwa pambo tu na chini kuna kitu kinachofunguka kwa mkono mmoja. Mshono wa kwapani unaupiga mara mbili, kwa sababu huyo mtu atanyanyua mikono kuomboleza kila onyesho na jasho linaozesha uzi. Kitambaa kinachopiga kelele mtu akitembea unakikataa, kinameza maneno. Kila unachojifunza hapo kinakufundisha uigizaji kwa mlango wa nyuma: nani anahitaji mfuko, nani anaficha kitu ndani ya kanga, nani anavaa viatu vya kuazima na anatembeaje kwa ajili hiyo.

Na ukikaa hapo siku zote za mazoezi, utaijua mistari ya watu wote bila kutaka. Vikundi vyetu havina waigizaji wa akiba. Mtu anaumwa, mtu anapata safari, mtu anafiwa, na onyesho liko Jumamosi, wanakijiji wameshaambiwa. Nimeona hali hiyo mara nyingi, na kila mara macho yanamgeukia aliyekuwa akikaa pembeni na anayeujua mchezo.

Ila usikae ukingoja mtu augue. Hatari ya mlango wako ni kwamba watu watakuzoea pale ulipo. "Wewe ndiye fundi wetu" ni sifa, na pia ni kufuli. Kwa hiyo fanya makubaliano mawili tofauti na usiyachanganye. La kwanza, maleba ni kazi, ina bei, inalipwa, hata kama ni bei ya undugu. La pili, kwenye mchezo ujao unataka nafasi, hata ya jirani anayeingia mara moja na sentensi tatu. Litamke mbele ya kikundi kizima, si pembeni kwa mtu mmoja kama unaomba fadhila. Wakikataa mara ya kwanza, uliza ni lini. Wakikataa kila mchezo mwaka mzima huku wanakutuma uzi na sindano, hamisha mguu. Nenda Manispaa ya Temeke umwone afisa utamaduni, ndiye anayejua vikundi vilivyoko kwenye eneo lake na vipi viko hai. Nafasi Art Space pale Mikocheni pana mafunzo na maonyesho ya sanaa mbalimbali. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wa sanaa za maonyesho huonyesha kazi zao. Kaa nyuma utazame. Fundi wa nguo anajifunza kwa kugeuza nguo ya mwenzake ndani nje kuona ilivyoshonwa, na mchezo unatazamwa hivyo hivyo.

Kuhusu sauti kukauka, woga hauondoki, ila una kazi ya kuupa. Sauti yako ilikwama kwa sababu pumzi ilikuwa kifuani. Ukiogopa mabega yanapanda, koo linabana. Asubuhi kabla ya kufungua kibanda, simama, weka kiganja juu ya kitovu, vuta hewa mpaka kiganja kisogee mbele na mabega yatulie, kisha toa hewa taratibu kwa sauti ya "aaa" mpaka iishe. Rudia bila kulazimisha. Halafu chukua kitabu, ile Ngoswe yako inatosha kabisa, na umsomee mtu aliyekaa mbali, upande wa pili wa uwanja wa nyumba. Usipige kelele. Mpelekee maneno. Angalia kosa moja ambalo wengi tunalo: Kiswahili mara nyingi kinaweka uzito mwishoni mwa sentensi, na mwigizaji mgeni anaishiwa pumzi hapo hapo. "Karatasi zote zimeungua." Ukilimeza hilo "zimeungua", watu wa nyuma wamesikia habari za karatasi tu. Pumzi iweke akiba ya neno la mwisho.

Lafudhi yako usiichukie. Aliyekucheka alijidhihirisha kwamba hajui kazi. Mchezo wenye watu kumi wote wakizungumza kama watangazaji wa habari ni mchezo wa uongo, nchi yetu haizungumzi hivyo. Mwigizaji anatakiwa awe na lafudhi zaidi ya moja, basi. Ya Kasulu unayo bure. Ya pwani iko Tandika, imekuzunguka, inakuletea vitambaa kila siku. Sikiliza.

Hapo nikuombe ufanye zoezi moja kwa dhati, kwa sababu kazi yako inakupa kitu ambacho wanafunzi wa chuo wanakitafuta kwa shida. Wewe unawapima watu. Umemwona yule mama anayevuta tumbo ndani ukimzungushia futi kiunoni, kisha anakuuliza "ngapi?" huku anatazama ukutani. Umemwona binti aliyekuja na mama mkwe, kila ukimuuliza anataka mkono mrefu au mfupi anamtazama kwanza yule mama. Umemwona mteja ambaye hela haijatimia: hatoi hela, anaanza kwa kusifu mshono, anakusalimia watoto ambao huna. Usiku chukua mmoja tu. Simama chumbani na ufanye mwili wake. Alisimamaje? Begi lilikuwa mkono gani? Aliogopa nini, na alikuwa anataka nini kwako ambacho hakukisema? Hilo la mwisho ndilo uigizaji. Maneno yanakuja baadaye. Ukirudi hata kwa Mazoea wa kidato cha tatu kwa maswali hayo, utamkuta ni mtu mwingine kabisa, binti wa balozi ambaye kwa mara ya kwanza mtu wa mjini anamtazama. Tengeneza kipande chake cha dakika mbili na ukiweke tayari. Ukiitwa usaili wa kweli na kuulizwa "una kitu chochote?", unacho.

Chuo. Si lazima, na si kupoteza muda. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wakongwe bado tunaiita Chuo cha Sanaa, ilianza 1981, na uzuri wake ni kwamba haikuachi uwe mwigizaji wa kusema tu. Utacheza ngoma, utapiga muziki, utashika rangi na mbao za kutengeneza jukwaa, utajifunza kuutumia mwili wote. Daraja la nne halikufungii mlango moja kwa moja. Astashahada kwa kawaida inataka ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, ukiacha ya dini, kwa hiyo toa cheti chako uhesabu alama za D na kuendelea, usihesabu daraja. Lakini mimi nisingekushauri uende mwaka huu. Fanya michezo angalau miwili na kikundi kwanza. Ukienda ukiwa umeshasimama mbele ya watu, utajua unachokwenda kukitafuta, na ada haitakuuma bure. Kabla ya hapo, nenda Bagamoyo wakati wa tamasha lao la kila mwaka, ambalo limekuwepo tangu 1982. Ni kilomita kama sabini tu kutoka mjini. Tazama maonyesho, kisha ongea na wanafunzi wenyewe nyuma ya jukwaa, waulize wanaishije na wanakula nini. Hao watakwambia ukweli kuliko kijitabu chochote. Cherehani yako ndogo ukienda nayo, nakuhakikishia itapata kazi.

Umri? Mwanangu, jukwaa linahitaji mama, shangazi, bibi, mke mkubwa, mwalimu mkuu. Hizo nafasi zinakungoja mbele, na wanaozijaza vizuri ni wachache. Miaka 25 ni mwanzo mzuri, una mambo ya kuigiza.

Utakula nini: mwanzoni utakula cherehani, na usimruhusu mtu akuaibishe kwa hilo. Kiingilio cha mchezo wa jukwaani kwetu hakiwalipi watu pango. Waigizaji wa jukwaani wanaishi kwa kuunganisha: maigizo ya kampeni za asasi kuhusu malaria, Ukimwi au kilimo, michezo ya redio, matangazo ya biashara, na siku za kurekodi tamthilia za runinga zinapopatikana. Kwa hiyo kikundi chako cha kampeni za afya usikidharau, humo ndimo mna malipo ya uhakika kidogo, na humo utajifunza kuigiza uwanjani, bila kipaza sauti, watoto wakiwa wamekukalia miguuni. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya 1984. Usajili ni ngao, unapodai haki yako unadai kama msanii anayejulikana.

Na kila kazi iandikwe. Hata karatasi moja ya daftari yenye sahihi mbili inasaidia. Iandike ni siku ngapi, malipo ni kiasi gani na lini, nauli na chakula ni juu ya nani, mkipitiliza usiku unarudi vipi, na kazi itaonyeshwa wapi. Hili la mwisho watu wanaliruka, halafu wanajiona kwenye tangazo mwaka wa tatu wakati walilipwa siku moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika alichoigiza, si mtunzi peke yake. Usisaini karatasi inayosema umeuza kila kitu milele kabla hujampa mtu anayejua aisome.

Nimemweka mama mwishoni kwa sababu yeye ndiye mgumu kuliko wote, na nakuomba usibishane naye. Hofu yake haijatoka hewani. Aliyoyasikia kuhusu usaili ule yana ukweli ndani yake, kuna mtu alitaka kukudhuru kweli. Ukimwambia "mama umepitwa na wakati" utakuwa umemkosea heshima na utakuwa umekosea hoja. Mpigie simu, umweleze yote, pamoja na huyo wa gesti na kwamba hukwenda. Mama akijua kwamba binti yake aliona mtego na akaukwepa, analala vizuri zaidi kuliko akijua nusu. Kisha mweleze kazi hii ina watu wa namna gani. Penina Muhando na Amandina Lihamba wamekuwa maprofesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanawake walioandika tamthiliya, wakafundisha, wakapanda jukwaani na kupeleka sanaa vijijini kujadili matatizo ya watu wenyewe, na hakuna aliyewahi kuwaita wahuni mbele yangu. Muulize pia kama anakumbuka siku uliyokuwa Mazoea. Kama watu wa Kasulu bado wanakuita hivyo, basi na yeye anaitwa mama Mazoea sokoni.

Mama mdogo yuko karibu, huyo mwalike. Usimwombe ruhusa ya jumla ya "kuwa msanii", mwombe aje Jumamosi moja kutazama mazoezi. Mwambie unatoka saa ngapi, mko wapi, nani yupo, na unarudi saa ngapi, kisha urudi saa hiyo. Yeye ni fundi pia. Mketishe karibu na nguo mlizoshona, aone zikivaliwa, na mwambie mwongozaji aje kumsalimia kwa heshima zote. Mwongozaji akiona tabu kumwamkia mama wa mwigizaji wake, hapo nawe utakuwa umejua jambo kuhusu kikundi hicho.

Wiki hii toa cheti uhesabu masomo yako, kisha uende kwenye mazoezi ya kikundi ukiwa na daftari pamoja na futi. Ukipewa zile sentensi tatu za jirani, niandikie unieleze huyo jirani ni nani na anataka nini, tuanzie hapo.

Shangazi